Diski ya sahani, SSD au wingu: picha zako uzilaze wapi?

Jumapili moja nilirudi Entebbe kutoka kinamasi cha Mabamba nikiwa na matope hadi magotini na fremu 600 za korongo-nyangumi kwenye kadi. Wavuvi wa kule tangu zamani humwona ndege huyu kuwa nuksi: ukikutana naye asubuhi, samaki usahau. Mimi sivui, kwa hiyo nilicheka. Jioni nikachomeka kadi kwenye laptopu, nikaunganisha diski ya nje, nikaanza kunakili. Ilipofika saa mbili kasoro umeme ukakatika. Mpwa wangu akainuka gizani kutafuta tochi, mguu wake ukanasa waya wa chaja, laptopu ikavutika, na diski ikashuka kutoka mezani ikiwa bado inazunguka. Meza yenyewe haifiki kimo cha mita moja.

"Mjomba, imezima?"

Haikuzima. Ilikuwa inalia: tik, tik, kimya. Tik, tik, kimya.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi mjini Kampala. Hakuigusa kwanza; aliniuliza inaliaje, nami nikamwigizia kwa ulimi mbele ya wateja wengine wawili. Akatikisa kichwa. "Ssebo, usiiwashe tena. Hicho ni kichwa kinatafuta sahani hakiipati. Kila ukiiwasha unazidi kukwangua."

Picha za Mabamba zilipona kwa sababu kadi nilikuwa sijaifuta. Picha za miaka mitatu ya nyuma, pamoja na zile za Idi ya mwisho ya bibi yetu kule Bombo, zilikuwa kwenye diski ile peke yake. Tangu hapo nimetumia kila aina ya hifadhi ninayoimudu, na kila mtu anayenunua kamera ananiuliza swali lile lile: ninunue diski ya kawaida (ile ya sahani zinazozunguka), SSD (ile ya chipu tupu), au nilipie wingu, yaani nafasi ya kuhifadhia kwenye intaneti? Haya ndiyo ninayowajibu, kwa urefu ambao simu hainiruhusu.

Unaogopa msiba gani?

Maduka hupanga vifaa hivi kwa bei na kasi. Kwa mtu anayepiga picha kwa mapenzi yake, asiye na mteja anayemsubiri, kasi ni anasa. Mimi huvipanga kwa misiba, maana kila kimoja kina msiba kinaoustahimili na msiba unaokimaliza.

| Msiba | Diski ya sahani | SSD ya nje | Wingu |
|---|---|---|---|
| Kuanguka ikiwa inafanya kazi | Huweza kufa papo hapo | Kwa kawaida hupona | Haihusiki |
| Mwizi kuingia nyumbani | Inaondoka naye | Inaondoka naye, tena mfukoni | Picha zipo |
| Umeme kukatika katikati ya kunakili | Faili ya mwisho huharibika, pengine na orodha nzima | Vivyo hivyo | Mara nyingi huendelea ilipoishia |
| Kidole chako kufuta folda | Matumaini ni makubwa ukiacha kuitumia hapo hapo | Matumaini ni madogo | Pipa la taka hukusubiri kwa muda |
| Kulala kabatini muda mrefu bila umeme | Hustahimili vizuri | Si kazi yake | Ukiacha kulipa, una shida |
| Intaneti kuzimwa | Haihusiki | Haihusiki | Umefungiwa nje |

Tazama safu zake vizuri. Hakuna iliyopita mitihani yote, na hapo ndipo ushauri wangu wote ulipoanzia.

Sahani dhidi ya SSD

Diski ya kawaida, ile ambayo wengi tunaiita "hadi diski" (hard disk) tu, ndani ina sahani zinazozunguka, nyingi za mfukoni mara 5,400 kwa dakika. Juu yake huelea kichwa cha kusomea, karibu kiasi kwamba unywele wa binadamu ni mnene kuliko nafasi ile kwa maelfu ya mara. Ukijua hivyo, hushangai tena kwamba meza fupi ilitosha kuniulia picha. Lakini diski hiyo hiyo ikiwa imezimwa, kichwa huegeshwa pembeni, na hapo inaweza kupanda boda boda kutoka Kampala hadi Entebbe bila neno. Diski nyingi za wenzangu zilizokufa zilianguka zikiwa kazini, juu ya kitanda, juu ya mto, juu ya mkono wa kochi. Yangu siku hizi hukaa sakafuni wakati wa kunakili. Inachekesha wageni, lakini sakafu haina mahali pa kuanguka.

SSD haina kinachozunguka, ni chipu tupu. Yangu imewahi kudondoka kwenye lami nilipokuwa nikimlipa mwenye boda, ikapata mkwaruzo, basi. Kwa safari, kwa anayepanda Bwindi kutafuta sokwe au anayelala hemani Murchison, SSD ndiyo ya kubeba. Hilo halina mjadala.

Mjadala upo kwenye kasi, kwa sababu hapo ndipo wauzaji wanapotukamata. SSD ya nje ya kawaida husoma megabaiti 500 kwa sekunde, wakati diski ya sahani hufika 100 na kidogo. Mara tano! Sasa fanya hesabu ya Jumapili yangu. Kamera yangu ni ya megapikseli 24, faili moja ya RAW, yaani picha ghafi ya kamera, ni kama megabaiti 27, kwa hiyo fremu 600 ni gigabaiti 16. Kadi nyingi za SD tunazonunua hutoa data kwa kasi isiyozidi megabaiti 90 au 95 kwa sekunde. Kadi ndiyo bomba jembamba; hata ukiweka pipa kubwa namna gani chini yake, maji yatatoka kwa kasi ile ile. Diski ya sahani itamaliza kazi kwa dakika tatu hivi, na SSD nayo dakika tatu hivi. Na kama laptopu yako ni ya zamani yenye matundu ya USB 2.0 pekee, zote mbili zitasuasua kwenye megabaiti 30 na ushee kwa sekunde, na utachemsha chai kabla hazijamaliza. Angalia tundu: la bluu ndani mara nyingi ni USB 3.

SSD inalipa pesa yake pale unapohariri. Ukifungua Lightroom au darktable, ambayo ni ya bure, ukapitisha macho kwenye fremu 600 moja baada ya nyingine ukitafuta ile ambayo ndege amefungua mdomo, tofauti utaiona. Kwa hiyo picha unazozishughulikia sasa ziwe kwenye SSD, na bora zaidi iwe ile ya ndani ya laptopu. Laptopu kuukuu yenye diski ya sahani ndani ukiibadilishia SSD, utadhani umenunua mashine mpya. Kama una pesa ya kitu kimoja tu cha kuharakisha kazi, ni hicho.

Kwa kulaza picha, mambo yanageuka. SSD huhifadhi data kama chaji ya umeme iliyonaswa ndani ya chipu, na chaji huvuja polepole. JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya chipu, kinataka SSD ya mtumiaji wa kawaida iliyofika mwisho wa uhai wake wa kuandikwa iweze kushika data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi 30. SSD mpya hushika muda mrefu zaidi ya hapo, lakini joto hupunguza muda huo, na kabati lililo chini ya bati kule Gulu mwezi wa pili si mahali pa baridi. Ukiwa na SSD ya akiba, ichomeke mara kadhaa kwa mwaka. Diski ya sahani huandika kwa sumaku, na sumaku ina subira.

Kuna pia suala la kidole. Ukifuta folda kwenye diski ya sahani, kilichofutika ni jina kwenye orodha. Picha zenyewe bado zimelala pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. SSD nyingi, zikiambiwa faili imefutwa, huanza kusafisha nafasi hiyo zenyewe. Ukishtuka baada ya saa moja, umechelewa. Ongeza na bei: pesa ya SSD moja kwa kawaida hukupa diski ya sahani yenye nafasi kubwa zaidi, na kwa hapa nilipofika, nafasi ndiyo ninayoihitaji.

Mambo mawili madogo ambayo duka halitakuambia. Usinunue zile diski kubwa za mezani zenye adapta ya ukutani, hata kama bei kwa terabaiti ni nzuri. Umeme ukikatika, inazima katikati ya sentensi. Ile ndogo ya mfukoni hunywa umeme kutoka kwenye laptopu, na laptopu ina betri. Sharti betri iwe hai, maana laptopu iliyokufa betri ni kompyuta ya mezani iliyovaa nguo za safari. La pili ni namna ya kuifomati. exFAT inasomeka na kuandikika kwenye Windows na Mac, na ndiyo nyingi huja nayo, lakini haina daftari la kumbukumbu la kurekebisha mambo pale inapokatishwa ghafla. NTFS inalo. Mac huisoma NTFS ila kwa kawaida haiandiki. Nyumbani kwetu hakuna Mac, kwa hiyo nilichagua NTFS na sijajuta, hasa kwa umeme wetu huu.

Wingu: tamu, lakini piga hesabu

Wingu limenishinda mara mbili na bado nalipenda, kwa sababu ni hifadhi pekee ambayo mwizi wa Entebbe hawezi kuibeba. Shida ni njia ya kufika huko.

Google hutoa gigabaiti 15 za bure, na humo mna barua pepe zako na kila kitu. Jumapili moja ya Mabamba haiingii. Zamani Google Photos ilipokea picha zilizopunguzwa bila kikomo; hilo liliisha tarehe 1 Juni 2021. Basi unalipia. Lakini bei ya mpango wenyewe ndiyo ndogo. Mzigo upo kwenye data. Nikipima kasi ya kupakia nyumbani kwangu, jioni hupata megabiti 4 kwa sekunde. Gigabaiti 16 kwa kasi hiyo ni saa 9, kama hakuna kitakachokatika. Picha zangu zote, gigabaiti 700, zingechukua siku 16 mchana na usiku. Na bando hulipi data peke yake: tangu Julai 2021 hapa Uganda kuna ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti, na VAT ya asilimia 18 nayo ipo pale pale. Ndugu zangu wanaotumia Wi-Fi ya ofisini usiku, nawajua, sitasema.

Kisha kuna siku ambazo intaneti haipo kwa mtu yeyote. Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, nchi nzima ilizimwa, ikarudi tarehe 18. Siku zile aliyeweka picha zake winguni pekee hakuwa na picha. Mimi nilikuwa na mtoto wa kaka aliyetaka kuchapishiwa picha za nikahi yake, na nilimpa siku ile ile kutoka kwenye diski. Hakujua kama kuna alichokosa.

Mtego mkubwa wa wingu ni neno kusawazisha. Watu wanaweka folda ya picha kwenye programu inayosawazisha, wanaona alama ya kijani, wanatulia. Lakini kusawazisha maana yake ni kwamba ukifuta huku, na kule kunafutika. Kwenye Google Drive kilichofutwa hukaa kwenye pipa la taka siku 30. Kwenye Google Photos picha iliyokwisha kupakiwa hukaa siku 60. Ukigundua siku ya 61, pole. Na akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 Google inaweza kuifuta, kwa hiyo ile akaunti uliyofungua kwa ajili ya picha tu, na nenosiri ukaliandika nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, iingie mara moja moja.

Mtego huo huo upo hata kwenye diski mbili za nyumbani. Programu kama FreeFileSync, ya bure na nzuri, ina namna ya kioo na namna ya kuongeza. Kioo hufanya diski ya pili ifanane kabisa na ya kwanza, pamoja na makosa yako. Chagua kuongeza.

Wingu linafaa kwa kitu kimoja vizuri mno: zile chache. Kati ya fremu 600 za Mabamba nilibaki na 22 ambazo ningelia zikipotea. Hizo 22, kama JPEG za ubora wa juu, hazifiki megabaiti 300. Dakika kumi zinapanda hata kwa megabiti 4. Kwa mwaka mzima nina picha kama 900 za namna hiyo, na mpango wa gigabaiti 100 utanitosha miaka.

Kumbuka pia wingu la bahati nasibu, yaani WhatsApp. Picha za bibi zilizopona ni zile nilizowatumia shangazi kwenye kundi la familia. Zimebanwa hadi pikseli 1600 upande mrefu. Kwenye simu zinapendeza. Ukizichapisha zaidi ya ukubwa wa kadi ya posta zinaanza kuonekana kama zimepigwa nyuma ya chandarua. Sikatai kuzishukuru, lakini sitazihesabu kama hifadhi.

Ambavyo havihitaji maneno mengi

DVD moja ni gigabaiti 4.7. Jumapili yangu inataka nne, na laptopu mpya haina pa kuziingiza. Flashi ni ya kupeleka picha kwa mchapaji wa Nasser Road, si ya kulazia. Sanduku la mtandao lenye diski mbili ndani ni zuri kwa studio yenye inveta. Kwa mtu wa nyumbani ni diski mbili zinazoibwa na mwizi mmoja kwa safari moja.

Kabla hujailaumu diski

Nusu ya simu ninazopokea si za diski iliyokufa. Ni kebo. Kebo fupi za diski za mfukoni huchoka mapema kwenye shingo, na dalili zake zinafanana na za diski mbovu: inaonekana, inapotea, inaonekana tena. Badilisha kebo, jaribu. Badilisha tundu, jaribu. Peleka kwenye kompyuta nyingine, jaribu. Badilisha kimoja kisha ujaribu kabla ya kugusa kingine, la sivyo hutajua ni kipi kilichokuponya.

Kamera nayo ina lugha yake. Canon ikiandika Err 01, inalalamikia mawasiliano na lenzi: vua lenzi, futa vile vituo vya dhahabu kwa kitambaa laini kikavu. Err 02 ni kadi. Nikon ikiandika CHA, ni kadi pia. Na kabla ya yote tazama ubavu wa kadi ya SD kama kile kitelezi kidogo kimeshuka kwenye kufuli. Nimewahi kupoteza asubuhi nzima kwenye sherehe ya jirani kwa ajili ya kitelezi kile, na bwana harusi aliniita fundi kwa sauti ambayo haikuwa ya heshima.

Kadi za bandia ni ugonjwa wa peke yake. Kadi imeandikwa 128, kompyuta inaonyesha 128, lakini ndani kuna 8. Ikijaa, inaendelea kukubali picha na kuzitupa au kuziandika juu ya nyingine. Dalili: picha za mwanzo nzima, za baadaye nusu ni rangi ya kijivu au hazifunguki kabisa. Nilinunua moja barabarani mjini kwa bei iliyopaswa kunishtua. Siku hizi kila kadi mpya naijaza kwanza kwa H2testw, programu ya kupima kadi, kwenye Windows. Wenye Linux na Mac wana F3. Hukaa saa kadhaa, lakini hufanya hivyo ukiwa umelala.

Ikiwa picha zimepotea kweli, una njia tatu, na sauti ndiyo inayokuchagulia. Kama umefuta kwa bahati mbaya, au umefomati kadi, na hakuna mlio wala kupotea-potea, jaribu mwenyewe. Acha kupiga picha kwa kadi hiyo sekunde ile ile. PhotoRec ni programu ya bure ya kuokoa picha, sura yake ya kizamani, herufi nyeupe kwenye ukuta mweusi, ila kazi yake safi. Hutambua picha kwa umbo la data yenyewe, kwa hiyo majina ya faili yatapotea, lakini tarehe ya kupigwa iliyoandikwa ndani ya picha hubaki. Unachookoa kihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ile ile.

Kama diski inaonekana lakini inakwama, na CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, inaonyesha njano badala ya bluu, nakili zilizo muhimu kwanza, folda kwa folda, ndipo ufikirie kurekebisha. Amri ya Windows ya chkdsk hutengeneza orodha ya faili. Haijali picha zako, na diski mgonjwa inaweza kuizidishia ugonjwa. Windows ikikuuliza kama ungependa kuifomati ili uweze kuitumia, jibu ni hapana, hata kama imeuliza kwa adabu.

Kama inalia tik tik, programu zote ziweke chini. Hapo kinachohitajika ni chumba kisicho na vumbi na mtu mwenye vichwa vya akiba, na gharama yake kwa kawaida huzidi bei ya diski mara nyingi. Fundi wa kawaida anaweza kukusaidia kwa kebo, kwa kasha, kwa kuihamisha diski kwenye mashine nyingine. Akianza kutafuta bisibisi ili aifungue sahani zenyewe pale mezani, karibu na rolex, ile chapati ya mayai, aliyoiacha nusu, muage vizuri uondoke nayo. Wangu alinirudishia bila kunitoza hata shilingi, na kwa hilo nimempelekea wateja wanne.

Basi ununue nini

Kama una kamera mwaka wa kwanza na picha zako hazijafika gigabaiti 200, nunua diski mbili ndogo za sahani, si moja kubwa. Nisikilize hapo, maana kila mtu hutaka kubisha. Terabaiti 4 kwenye diski moja ni msiba mmoja mkubwa unaosubiri zamu. Terabaiti 1 mara mbili, moja kwako na moja kwa ndugu anayekaa mtaa mwingine, ni picha zilizolala salama.

Kama unasafiri sana, ongeza SSD ndogo ya njiani, na usifute kadi mpaka urudi nyumbani na picha ziwe mahali pawili. Kadi za akiba ni rahisi kuliko kurudi mbugani Kidepo.

Kama hupendi mambo ya kompyuta kabisa na unapiga JPEG tu, lipia wingu, washa kupakia kwenye Wi-Fi pekee, na diski moja kando. Kama unapiga RAW, wingu liwe la zile chache. Na kama diski yako ya pili inalala nyumba ya mtu mwingine, ifunge kwa nenosiri, VeraCrypt ni ya bure, kwa sababu wapwa wana udadisi. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeueneza mpango huu kwa hesabu ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye hifadhi za namna mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Mimi nilikuwa na moja, namna moja, juu ya meza.

Ya tatu yangu iko Bombo kwa dada, na huko Kiswahili si kigeni kwa mtu yeyote, kwa hiyo hata maelezo niliyobandika juu yake kila mtu nyumbani anayasoma. Kila miezi mitatu napanda teksi na diski iliyosasishwa, ndani ya kopo la biskuti lenye vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, naiacha pale, narudi na ile ya zamani. Hukaa chini ya vitenge vyake. Mara ya mwisho alilipokea kopo, akaandika tarehe juu ya kibandiko kwa kalamu ya kope, kalamu ya kawaida ikiwa imekauka.

"Kaka, na zile za bibi zimo humu?"

"Zimo. Zile ndogo za WhatsApp."

Akalisogeza kopo hadi nyuma kabisa ya kabati, akalifunika na kitenge kingine.